Mwimbaji wa Wimbo Mmoja

Katika nchi ya Uingereza lipo jina wapewalo waimbaji wa namna fulani, nalo ni jina lenye nusu ya sifa na nusu ya dhihaka. Ni jina la mtu aliyeimba wimbo ukashika nafasi ya kwanza katika nchi nzima, ukaimbwa majumbani na njiani, ukapigwa katika redio asubuhi na jioni. Kisha mtu yule asisikike tena. Kwa Kiswahili twaweza kumwita mwimbaji wa wimbo mmoja. Wanaomtaja hutabasamu, na tabasamu lao lina maana: huyu alipanda lakini hakukaa, alionekana lakini hakuendelea. Nataka tufikiri pamoja, msomaji, juu ya tabasamu hilo. Mtu aliyefanya jambo bora mara moja katika maisha yake, asilifanye tena, je, amefaulu au ameshindwa?

Huenda ukasema kuwa nyimbo za starehe si jambo la kuishughulisha akili ya mwanafunzi. Walakini swali hili si la waimbaji peke yao. Ni la mkulima aliyepata mavuno mema mwaka mmoja tu, la mchezaji aliyefunga bao moja la kukumbukwa, na la mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani muhula mmoja, asiwe wa kwanza tena. Nimewachagua waimbaji wa Uingereza kwa sababu mafanikio yao yameandikwa kwa tarehe na kwa tarakimu, na mahali palipo na hesabu ni rahisi zaidi kuichunguza hukumu.

Yafaa kwanza tujue hesabu hiyo ilianzaje. Zamani Waingereza waliupima umaarufu wa wimbo kwa mauzo ya karatasi zilizopigwa chapa noti zake. Tarehe 14 Novemba 1952 gazeti la muziki liitwalo New Musical Express lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya sahani za santuri zilizouzwa zaidi. Kazi hiyo ilifanywa na Percy Dickins, ambaye alipiga simu katika maduka yapatayo 20, akauliza kila duka ni sahani zipi zilizonunuliwa kwa wingi juma lile, kisha akajumlisha majibu. Nafasi za orodha zilikuwa 12, na ya kwanza ilichukuliwa na Al Martino, Mmarekani, kwa wimbo uitwao "Here in My Heart". Tangu hapo desturi hiyo haikukoma. Leo nafasi zimekuwa 100, na tangu mwaka 2014 nyimbo zinazosikilizwa kwa intaneti huhesabiwa pamoja na zile zinazonunuliwa. Lakini swali ni lile lile la Dickins: juma hili, watu wengi wametaka wimbo gani?

Vitabu vilivyokusanya hesabu hizo viliweka kanuni kali. Mwimbaji wa wimbo mmoja ni yule aliyefika nafasi ya kwanza, kisha asiingie tena katika orodha hata kwa nafasi ya mwisho kabisa. Hakuna wa pili wake, hakuna wa hamsini wake. Ni kilele kimoja, na pande zote za kilele hicho ni uwanda mtupu.

Wenye kuwadharau watu hawa wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Husema kuwa fundi hujulikana kwa chombo cha pili, kwa maana cha kwanza huenda kilielea kwa bahati. Husema kuwa mshale mmoja waweza kuipata shabaha hata ukitoka katika mkono wa mtoto, ila mwenye kulenga hujulikana kwa kupiga tena na tena. Husema kuwa sifa ijayo bila mizizi huwafundisha vijana kungojea bahati badala ya kutafuta ujuzi. Mwisho hutoa methali ya wazee, ngoma ivumayo haidumu, wakadhani kuwa neno limekwisha. Lakini methali hiyo hutueleza habari ya ngoma. Haikusema kuwa wakati ngoma ilipovuma watu hawakucheza.

Basi na tuitazame mizani kabla ya kuwahukumu waliopimwa nayo. Mnamo Septemba 1954 mwanamke aitwaye Kitty Kallen alishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wimbo "Little Things Mean a Lot". Alikaa hapo juma moja, wala hakuonekana tena katika orodha ya nchi hiyo. Kwa kanuni ya vitabu yeye ni miongoni mwa wa mwanzo katika ukoo wa wimbo mmoja. Lakini Kallen alikuwa mwimbaji wa Marekani, na huko kwao alikuwa ameimba kwa miaka mingi pamoja na bendi kubwa za Jimmy Dorsey na Harry James. Na mwaka 1945, yeye na Harry James walikuwa na wimbo ulioshika nafasi ya kwanza katika nchi yao. Orodha ya Uingereza ilizaliwa miaka 7 baada ya wimbo huo. Haikuwa na macho ya kuona yaliyopita kabla yake, wala yaliyotendeka ng'ambo ya bahari. Aliyeitwa mtu wa wimbo mmoja alikuwa na nyimbo nyingi. Upungufu ulikuwa wa kitabu.

Tena, mizani hiyo hupima wingi, haipimi ubora, wala haijapata kudai kuwa inaupima. Mwezi wa Machi 1970 nafasi ya kwanza ilishikwa kwa majuma 3 na Lee Marvin, mwigizaji wa sinema, kwa wimbo alioutoa katika filamu kwa sauti nzito yenye kukwaruza. Hakujidai kuwa mwimbaji, wala hakuingia tena katika orodha. Nyuma yake, katika nafasi ya pili, walikuwa Beatles na "Let It Be", na wimbo huo haukupata kumpita. Mwaka 1981 mambo yalikuwa kama hayo. Joe Dolce, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa akiishi Australia, aliimba wimbo wa kuchekesha uitwao "Shaddap You Face", akakaa kileleni majuma 3, hali kundi la Ultravox likingoja chini yake na wimbo "Vienna" ambao haukufika juu kamwe. Katika kura ya mwaka 2012 iliyoendeshwa na redio ya BBC, wasikilizaji walipoulizwa ni wimbo upi wanaoupenda kuliko nyimbo zote zilizoishia nafasi ya pili, waliuchagua "Vienna". Miaka 31 ilikuwa imepita, na hukumu ya juma ilikuwa imekatiwa rufani.

Angalia, msomaji, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kuwa Dolce alimwibia mtu kitu. Watu walitaka kucheka, akawachekesha, wakalipa kwa hiari yao. Nasema tu kwamba kufika nafasi ya kwanza si hoja ya ukuu, na kwa hiyo kutofika mara ya pili hakuwezi kuwa hoja ya udogo. Ukiikataa mizani kwa jambo la kwanza, huwezi kuishika kwa jambo la pili.

Lipo pia jambo la majira, ambalo mwanadamu hapendi kulikiri. Mwimbaji wa Marekani aitwaye Charlene alitoa wimbo "I've Never Been to Me" mwaka 1977, ukafika nafasi ya 97 katika nchi yake, ukazama. Alikata tamaa na kazi ya uimbaji, akahamia Uingereza, akawa anauza peremende katika duka huko Ilford, karibu na London. Mwaka 1982 mtangazaji mmoja wa redio huko Florida akaupiga tena ule wimbo wa zamani. Wasikilizaji wakautaka, kampuni ikautoa upya, na mnamo Juni mwaka huo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, katika nchi ile ile ambamo mwenye sauti alikuwa akipima peremende. Wimbo ulikuwa ule ule. Sauti ilikuwa ile ile, haikuongezwa wala haikupunguzwa. Kilichobadilika ni masikio ya watu na mkono wa mtangazaji mmoja.

Wazee walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hawakutuambia chema chajiuza siku gani. Chema cha Charlene kilikaa rafuni miaka 5. Kama yule mtangazaji asingalikikumbuka, tungalisema kuwa hakikuwa chema? Na ikiwa mafanikio ya mara ya kwanza yalitegemea mikono ya watu wengi, kwa nini kukosa mara ya pili kuwe aibu ya mtu mmoja? Mambo haya yapasa kumnyenyekeza aliye juu, na kumfariji aliye chini. Maana kati yao, mara nyingi, hakuna umbali mkubwa kama ule unaoonyeshwa na orodha.

Sasa tuirudie ile hoja ya chombo cha pili, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu, na ndani yake mna kweli. Yako mambo ambayo mara moja haitoshi. Mtu aliyesema kweli siku moja hawi msema kweli kwa sababu hiyo. Mtu aliyelipa deni moja kati ya kumi hawi mwaminifu. Mzazi aliyemlisha mtoto wake siku moja, kisha akamwacha, hawezi kusimama mbele ya watu akasema, "Mimi nilimlisha." Mambo hayo ni ya tabia, na tabia haina maana nyingine ila kurudia. Muungwana ni vitendo, na neno hilo vitendo ni la wingi.

Lakini yako mambo mengine ambayo kwa asili yake hukamilika kwa mara moja. Mtu aliyemwokoa mtoto asizame mtoni hana haja ya kumwokoa wa pili ili wa kwanza awe hai. Aliyechimba kisima kimoja chenye maji matamu hadaiwi visima vingine tisa kabla wanakijiji hawajaruhusiwa kunywa. Haya ni mambo ya kazi. Na kazi ikiisha kutoka mkononi mwa mtendaji hujitegemea. Ikiwa ni njema, wema wake u ndani yake, wala haungojei kazi nyingine ije kuushuhudia. Wimbo ni wa namna hiyo. Ukiwa mzuri, haupungui uzuri kwa sababu mwimbaji wake hakuimba mwingine, kama vile asali haipungui utamu kwa sababu mzinga ulirinwa mara moja tu.

Hapa ndipo ninapoliona kosa la wale wenye kutabasamu. Wameichukua kanuni ya tabia, wakaipimia kazi. Wamemdai mtu kurudia jambo ambalo halikuhitaji kurudiwa. Naam, hata adabu ya kawaida ingewakataza. Mgeni aliyekaribishwa kwa pilau nyumba fulani, akala akashiba, hamsemi vibaya mwenye nyumba kwa sababu hakumwalika tena juma la pili. Hushukuru. Na waliocheza kwa wimbo mmoja, wakafurahi harusini, wakafutiwa huzuni ya siku moja, wamekwisha kuwa wageni wa mwimbaji yule. Badala ya shukrani wamempa jina la dhihaka.

Tutazame kwa mfano huu walimwengu walio wadogo kuliko wote katika orodha hiyo. Mwaka 1978 watu wawili waliojiita Brian na Michael walishika nafasi ya kwanza kwa majuma 3 kwa wimbo wao mmoja. Wimbo huo ulimsifu mchoraji L. S. Lowry, aliyefariki mwaka 1976. Mtu ambaye kwa miaka mingi alikusanya kodi za nyumba mchana katika mji wa Manchester, akachora usiku, hata alipostaafu mwaka 1952. Waliosaidia kuimba kiitikio walikuwa watoto wa shule ya St Winifred's ya Stockport. Miaka 2 baadaye, mnamo Desemba 1980, watoto wa shule hiyo waliimba wimbo wao wenyewe wa kumsifu bibi mzaa mama au mzaa baba, wakashika nafasi ya kwanza wakati wa Krismasi, wakauondoa hapo wimbo wa John Lennon, aliyekuwa ameuawa mwezi ule ule. Kwaya hiyo haikurudi tena katika orodha. Likizo ilipokwisha watoto walirudi kwenye vitabu vyao. Je, walishindwa? Mabibi wa Uingereza walisifiwa na watoto Krismasi ile. Nani atasema kuwa ilipasa wasifiwe mara mbili ndipo sifa ihesabiwe? Tukiwasamehe watoto kwa sababu ni watoto, basi tumekiri kwamba lawama tuliyowapa watu wazima haikutoka katika kazi yao. Ilitoka katika matarajio yetu.

Fikiri pia juu ya wasichana wawili wa Jamaika, Althea na Donna, mmoja wa miaka 17 na mwenzake wa miaka 18. Mwanzoni mwa mwaka 1978 nafasi ya kwanza ilikuwa imekaliwa kwa majuma 9 na "Mull of Kintyre" ya Paul McCartney na kundi lake la Wings, sahani ya kwanza kuuzwa zaidi ya milioni 2 katika Uingereza. Aliyeiondoa hakuwa mwimbaji mkubwa mwingine. Walikuwa ni wasichana hao, kwa wimbo "Uptown Top Ranking", ulioimbwa kwa lugha ya mitaani kwao bila kujipendekeza kwa Waingereza. Walikaa juu juma moja tu, na baada yake hawakuingia tena. Lakini Wajamaika waliokuwa wakiishi katika miji ya Uingereza waliisikia lugha ya nyumbani kwao ikiwa juu ya nyimbo zote za nchi. Juma la namna hiyo halihesabiwi kwa siku saba.

Sisi katika nchi hii tuna mti unaoweza kutufundisha jambo hili. Mnazi huzaa mwaka baada ya mwaka, na mwenye mnazi hupanda na kuangua maisha yake yote. Mgomba huzaa mkungu mmoja, basi. Mkungu ukikomaa, mgomba hukatwa. Sijapata kumsikia mkulima hata mmoja akiuita mgomba tasa, wala akiukataa mkungu kwa sababu shina lake halitazaa mwingine. Mkulima ajua kuwa kando ya shina lile yamechipua machipukizi, na kwamba shamba la migomba laweza kuwalisha wajukuu.

Na nyimbo zina machipukizi yake. Mwaka 1970 Norman Greenbaum, Mmarekani, alishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wimbo "Spirit in the Sky". Hakuingia tena katika orodha. Baadaye alikwenda kufuga ng'ombe wa maziwa huko Kalifornia. Lakini mwaka 1986 kundi la Doctor and the Medics liliuimba wimbo ule, ukashika nafasi ya kwanza mara ya pili. Na mwaka 2003 Gareth Gates akauimba kwa ajili ya kuchangisha fedha za hisani, ukashika nafasi ya kwanza mara ya tatu. Shina lilizaa mara moja, shamba limevunwa mara tatu. Vitabu vya hesabu vyamwandika Greenbaum kuwa ni mtu wa wimbo mmoja, na ni kweli. Ila wimbo wenyewe haukukubali kuwa wa mara moja.

Nimewatetea watu hawa, lakini sitaki utetezi wangu uwe mto wa kulalia. Kama wenye kudharau wanakosa kwa kuipimia kazi kanuni ya tabia, lipo kosa la pili, ambalo huwapata waliosifiwa wenyewe: kuipimia tabia kanuni ya kazi. Mtu aliyefanya jambo moja bora huanza kudhani kuwa jambo lile limemlipia madeni yote ya maisha. Huacha kujifunza, huacha kuamka mapema, huacha hata kusalimu watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hukaa kizingitini mwa siku yake moja, akiwasimulia wapita njia jinsi alivyokuwa, na miaka yake mingine yote huiona kuwa ni matembezi ya kurudi kutoka karamuni. Mtu huyu ni wa kuhurumiwa, si kwa sababu alifaulu mara moja, bali kwa sababu ameacha kuishi baada yake.

Kwa hiyo swali lililo gumu kuliko yote haliko juu ya kilele. Liko chini, katika miaka inayofuata. Na hapa orodha haina la kutuambia, bali maisha yana la kutuambia. Arthur Brown, aliyesoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Reading, alishika nafasi ya kwanza mnamo Agosti 1968 kwa wimbo "Fire", akiimba hali amevaa kofia ya chuma yenye kuwaka moto. Kundi lake halikuingia tena katika orodha. Baadaye alikaa Austin katika jimbo la Texas, akapata shahada ya pili ya kazi ya kuwashauri watu wenye taabu za moyo, akafanya pia kazi ya useremala na kupaka rangi nyumba. Wala hakuona haya kurudi jukwaani hata katika uzee wake. Denny Zager, ambaye yeye na mwenzake Rick Evans walikuwa wa kwanza Uingereza na Marekani pia mwaka 1969, wasipate wimbo mwingine wa kuingia katika orodha ya nchi yoyote kati ya hizo mbili, aligeukia kutengeneza magitaa huko Nebraska. Wimbo wake ulikwisha kileleni. Vidole vya watu wengine vyajifunza muziki kwa mikono yake.

Nao wapo mapacha Hal na Herbie Kalin. Mwaka 1958 wimbo wao "When" ulikaa juu kwa majuma 5, wakazunguka Uingereza kuimba, na miongoni mwa walioimba kabla yao katika safari ile, kama mtu wa cheo cha chini, alikuwa kijana aitwaye Cliff Richard. Mapacha hawakurudi tena katika orodha, wakashika kazi za kawaida. Yule kijana aliendelea mpaka akapata kushika nafasi ya kwanza katika kila mwongo kuanzia ule wa 1950 mpaka ule wa 1990. Mwaka 1989, alipofanya tamasha kubwa katika uwanja wa Wembley, Richard aliwaita Hal na Herbie waje waimbe mbele ya maelfu ya watu. Hakuwaita kwa dhihaka. Aliyepata mara nyingi alijua thamani ya mara moja, huenda kuliko sisi tusiopata hata hiyo.

Ewe kijana unayesoma, mimi ni mwalimu, na sababu ya kukuandikia haya ni ya darasani. Nimeona mwanafunzi akiwa wa kwanza muhula mmoja, na muhula wa pili akawa wa tisa, na wenzake wakamwambia, "Ulibahatisha." Neno hilo huingia ndani sana. Baada yake huanza kuitilia shaka hata ile siku njema aliyoipata kwa jasho lake, na mwisho akawa hajui kuwa aliweza. Nimeona pia yule ambaye hataki kuandika insha nzuri, kwa kuwa akiandika moja mwalimu atamtaka nyingine, naye haogopi kushindwa kama anavyoogopa kudaiwa. Wote wawili wameumizwa na tabasamu lile lile nililolitaja mwanzoni.

Nawaambia wote wawili neno moja. Jambo jema ulilolitenda mara moja limekwisha kuwa jema. Hakuna muhula unaokuja, wala mtihani, wala mdomo wa mtu, uwezao kurudi nyuma ukalifuta. Moja shika, si kumi nenda uje. Lishukuru, kisha uliache mahali pake, uamke kesho ukafanye kazi ya kesho. Ikiwa litarudi, ni heri. Ikiwa halitarudi, hudaiwi. Unachodaiwa kila siku ni kusema kweli, kutimiza ahadi, kuwaheshimu watu na kutenda kazi iliyo mbele yako kwa mikono miwili. Hilo ndilo deni lisilolipwa kwa mara moja, nalo halina orodha ya nafasi ya kwanza wala ya mia.

Na utakaposikia mtu akitajwa kwa kicheko kuwa alipata kuvuma siku moja, uliza kwanza: siku hiyo aliwapa watu nini, na tangu siku hiyo ameishije? Ukiisha kupata majibu ya maswali hayo mawili, ndipo utakapojua kama pana jambo la kuchekwa.